Kanga Iliyokosewa Jina

Mtu akikwambia Xiaobei, mtaa wa wafanyabiashara wa Kiafrika mjini Guangzhou, hakuna mshairi, mwambie hajakaa sana. Wauza mabegi wapo, mawakala wa makontena wapo, waongo wa kila lugha wapo, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwepo pia Teodósio Vilhena, mzee wa Kireno mwenye koti moja la kahawia, aliyekunywa chai ya maziwa kwenye mgahawa wa Ahmada Mngazija kila siku baada ya alasiri. Wengi walimchukulia kuwa mzungu aliyeishiwa. Bimdogo, aliyekuja kumjua kuliko wote, naye mwaka wa kwanza alimdhania hivyo hivyo.

Bimdogo alikuwa mama wa Kikwajuni, Unguja, mjane wa miaka arubaini na saba, na kazi yake ilikuwa kanga. Usimchanganye na hao wanaonunua kanga dukani wakazikunja begini. Yeye alichapisha. Mtu ana harusi kwao, anataka sare ya ukoo mzima. Anampigia Bimdogo, wanakubaliana rangi, pindo na mji wa kanga, kisha anampa jina, yale maneno yanayokaa chini. Bimdogo anayapeleka kiwandani kwa Bi Luo, nje ya Guangzhou upande wa Foshan, na baada ya wiki mbili mzigo uko tayari.

Sasa, Bi Luo na mafundi wake hawakujua neno hata moja la Kiswahili. Kwa hiyo Bimdogo aliwawekea sheria, na aliisimamia kwa ukali. Maneno yaliyo ndani ya kisanduku, yachapeni kama mnavyoyaona, msiache hata nukta. Maneno yaliyo nje ya kisanduku ni maelezo yangu tu, msiyaguse. Sheria hiyo ilimtumikia miaka sita bila ya kumwangusha.

Alimjua mzee siku alipokuwa akigombana kwenye simu na wakala mmoja wa mizigo. Mzee aligeuka pole pole kwenye kiti chake, akamwambia kwa Kiswahili, "Mama, taratibu. Chai itaogopa."

Bimdogo karibu amwage kikombe. Kiswahili chenyewe kilikuwa cha kupindapinda, lakini cha pwani, cha zamani, kama cha mtu aliyefundishwa na bibi. "Na wewe mzee, hicho umekipata wapi?" alimuuliza.

"Cabo Delgado," alisema mzee. "Msumbiji. Wakati wa vita."

Tangu siku hiyo wakawa wanakaa meza moja, na maisha ya mzee akayapata kidogo kidogo, chai kwa chai. Alizaliwa kwenye mji wa viwanda vya samaki wa makopo, kusini ya Lisbon. Mama yake alikuwa akipanga dagaa kwenye makopo kutwa nzima, jioni akarudi na harufu ambayo sabuni haikuiweza. Alipofika miaka kumi na minane alikwenda Lisbon kuuza rangi za kupaka nyumba, na huko akaangukia kwenye kundi la vijana waliokuwa wakikutana kwenye mkahawa mmoja wa kahawa kali. Walijiita wasurealisti. Bimdogo alitaka kujua hiyo ni dini gani. Mzee alimwambia kwamba ni watu wanaoamini ndoto nayo ina haki ya kusema mchana. Walikuwa wakichukua karatasi, mmoja anaandika mstari, anaikunja ili mwenzake asione, mwenzake anaandika wake, na wakiifungua wanakuta shairi ambalo hakuna aliyelitunga.

"Basi mlikuwa mkicheza," alisema Bimdogo.

"Tulikuwa tukicheza sana," alisema mzee, "na serikali haikupenda."

Maana alitoa kijitabu. Mashairi kumi na tisa, nakala sitini, walizichapa wenyewe. Ureno ya siku hizo ilikuwa nchi ya polisi wa siri, na polisi walikuja kumchukua kwa sababu ya mstari mmoja uliosema kwamba ng'ombe wa kioo amekula saa ya mji. Walimweka siku nne. Walitaka kujua ng'ombe ni waziri gani. Mzee aliapa kwamba ng'ombe ni ng'ombe, nao ndio kwanza wakazidi kumshuku. Nakala zote walizozipata walizipeleka kiwandani zikasagwa zikarudi kuwa karatasi tupu, na yeye akatiwa jeshini, akapelekwa Cabo Delgado kubeba redio mgongoni. Mama mmoja wa Palma aliyekuwa akiwafulia nguo ndiye aliyemfundisha Kiswahili, kwa kumgombeza.

Bimdogo hakuwa mtu wa kuzunguka. Alimuuliza, "Uliua mtu?"

Mzee aliweka kikombe chini. "Nilibeba redio," alisema. "Lakini redio ndiyo iliyokuwa ikiita ndege."

Siku mbili Bimdogo hakwenda mgahawani. Alikuwa na hasira naye, na alikuwa na hasira na nafsi yake kwa kuwa tayari alishampenda yule mzee kama mtu anavyompenda mjomba mkorofi. Siku ya tatu alikwenda, akamkuta amekaa na chai mbili mezani, moja imepoa. Alivuta kiti akaketi. Habari hiyo hawakuirudia tena, ila mzee hakuwahi kujitetea, na hilo Bimdogo alilihesabu upande wake.

Vita vilipokwisha, mzee hakuiweza tena Lisbon. Alikwenda Macau, akawa msahihishaji kwenye ofisi ya uchapaji. Miaka ishirini na tano akitafuta makosa kwenye maandishi ya watu wengine. Huko alimwoa Meizhen, mwanamke wa Guangzhou, na walipozeeka mke akataka kurudi kwao. Meizhen alifariki. Mzee alibaki kwenye chumba chao ghorofa ya tisa, kwa sababu, alisema, mtu hamwachi mkewe akalala peke yake nchi ya kwao. Na aliandika. Aliandika kwenye risiti, kwenye karatasi za kufutia mikono, kwenye vipande vya maboksi vilivyotupwa nje ya mawakala. Hakuna hata mstari mmoja uliowahi kuchapwa tena tangu zile nakala sitini.

Mambo ya kanga ndiyo yaliyomwamsha. Alimuuliza Bimdogo nani huyaandika yale maneno.

"Haandiki mtu. Ni maneno ya watu tu."

"Lakini kuna aliyeanza."

"Atakuwepo. Nani anamjua?"

"Na mwanamke huyafunga kiunoni akaenda nayo sokoni?"

"Na jirani akayasoma, na yakamchoma kama yanamhusu. Ndiyo kazi yake."

Mzee aliuondoa utando wa chai kwa kijiko. Kisha akasema neno ambalo Bimdogo hakulisahau. "Hilo ndilo nililolitaka tangu nina miaka kumi na minane. Mstari mmoja tu, uwe midomoni mwa watu, na mwenyewe wasimjue. Sasa moyo wangu umechoka. Mpwa wangu wa kike ameshanikatia tiketi ya mwezi wa tano, anirudishe Ureno nikafie kwake. Nimechelewa."

"Basi tunga kanga," alisema Bimdogo kwa utani tu, ili amwondoshee huzuni. Majuto ni mjukuu.

Ilikuwa mwezi wa kwanza, na Bi Zulekha wa Unguja alikuwa amempa oda ya doti mia nne za harusi ya binti wa kaka yake, siku chache tu kabla ya Ramadhani. Zulekha alikuwa mteja wa kuogopwa. Akikusifu, Unguja nzima inakuletea kazi. Akikukasirikia, afadhali ukauze vitumbua. Rangi peke yake aliibadilisha mara tatu. Bimdogo aliandika jina alilopewa, HONGERA BIBI HARUSI KWA SIKU YAKO NJEMA, kwenye karatasi pale pale kwa Ahmada. Kabla hajalichorea kisanduku, simu ikalia, ni Zulekha na rangi yake. Alitoka nje kuzungumza, karatasi akaiacha mezani mbele ya mzee. Aliporudi akaikunja karatasi, akaitia kwenye mkoba, na kesho yake ikaenda kwa Bi Luo.

Bi Luo alimtumia picha ya sampuli. Bimdogo aliitazama rangi, akaitazama tena rangi, akamshukuru Mungu kwamba ni zambarau na si nyekundu iliyoungua, akajibu kwamba sawa, endeleeni. Pale chini hakupatazama. Miaka sita hakupata kuwa na haja ya kupatazama.

Siku ya kuchukua mzigo, Bi Luo mwenyewe alifungua robota la kwanza. Kiwanda kilikuwa kinafungwa kesho yake kwa mwaka mpya wa Kichina. Wafanyakazi walishapanga masanduku yao karibu na mlango, wanasubiri kwenda makwao. Bimdogo alikunjua kanga moja akasoma.

MLANGO UMEKWENDA KUOGA NGOJENI NJE.

Alisoma tena. Akafungua robota la pili, la tatu. Mlango ulikuwa umekwenda kuoga kote, doti mia nne.

Bi Luo alileta karatasi kwa utulivu wa mtu asiye na kosa. Upande mmoja ulikuwa na maneno ya Zulekha, hayana kisanduku. Upande wa pili, kwa herufi kubwa nzuri za mtu aliyefanya kazi ya uchapaji, ulikuwa na mstari wa mzee, na ameuchorea kisanduku safi, kwa sababu Bimdogo mwenyewe ndiye aliyemwonyesha kwamba jina la kanga hukaa ndani ya kisanduku. Sheria ilifuatwa. Hata nukta haikuachwa.

Bimdogo alikaa juu ya robota. Alimpigia mzee simu, na maneno aliyomwambia siyaweki hapa. Mzee alisema, "Nakuja," akachukua teksi, akaja.

Ufumbuzi ulikuwapo. Bi Luo alisema kwamba mashine moja bado ina moto, na anaweza kupitisha mkanda wa maua meusi juu ya maneno yote kabla ya jua kuzama. Zitatoka kanga zisizo na jina. Mzigo ungewahi ndege ya uwanja wa Baiyun vile vile. Lakini aamue sasa hivi, watu wanataka kuondoka. Bimdogo alimpigia Zulekha mara nne; simu haikupokelewa, pengine yuko saluni, pengine amelala. Kanga bubu kwenye harusi ni aibu. Kanga yenye mlango unaooga ni aibu gani, hilo hakuna aliyelijua.

Mzee aliingia, akaitwaa kanga moja akaishika kwa mikono miwili. Hakuwahi kuuona mstari wake umechapwa tangu yuko kijana. Alipitisha kidole juu ya maneno. Kisha akaikunja vizuri, akairudisha juu ya robota.

"Funika," alisema. "Ni harusi ya watu. Mimi nimezoea."

Lilikuwa neno la kawaida tu, lakini lilimwingia Bimdogo. Alimuuliza kwa ukali, ili asilie, "Na maana yake nini hasa? Niambie, maana nitaulizwa."

Mzee alisema nyumba yao haikuwa na mlango. Palikuwa na shuka tu iliyotundikwa, na shuka hiyo ilinuka dagaa. Jumapili mama yake aliitoa akaifua, na siku hiyo nyumba ikawa wazi kwa njia nzima, naye mama akitaka kuoga na kujipumzisha kama binadamu. Ndipo alipokuwa akiwaambia watoto na majirani hivyo: mlango umekwenda kuoga, ngojeni nje. Kila mtu alitii.

"Kumbe si ndoto," alisema Bimdogo.

"Mama hakuwa na nafasi ya kuota."

Bi Luo alitazama saa. "Laoban," alimwita, yaani bosi, "unasemaje?"

Bimdogo alijiambia kwamba kanga yenye jina lolote ni bora kuliko bubu. Alijiambia kwamba wakati ni mdogo. Lakini ukweli ni kwamba alimwonea huruma mzee yule, na aliwaza zile nakala sitini zilivyosagwa, na hakutaka yeye awe polisi wa pili. "Waache waende makwao," alisema. "Fungeni mzigo hivyo hivyo."

Zulekha alipopokea mzigo alituma sauti ya dakika sita. Kwamba amemchekesha na watu. Kwamba wageni kutoka Muskati watadhani ukoo wao umerukwa na akili. Kwamba kama angekuwa na siku tatu zaidi angezichoma moto kanga zote, lakini hana, kwa hiyo atazigawa na macho yake atayaficha. Bimdogo aliisikiliza yote amesimama. Aliomba radhi, akasema kosa ni lake, jina la mzee hakulitaja. Zulekha hakujibu.

Harusi ikapita, kimya. Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi ikaliwa, kimya. Oda kutoka Unguja zilikauka, na Bimdogo alianza kwenda soko la nguo la Zhanqian kununua magauni ya jumla kama watu wengine, kazi asiyoipenda. Mzee alijua. Kila siku alimwagizia chai, na kila siku alitaka kuomba msamaha naye akamkatiza. "Maji yakimwagika hayazoleki, mzee. Kunywa."

Ila kilichomuuma Bimdogo zaidi hakikuwa oda. Kilikuwa ile tiketi. Mzee angepanda ndege akijua kwamba mstari wake umepata kuvaliwa mara moja, na watu wameuonea haya.

Zilipobaki siku mbili, meza ya Bimdogo na mzee kwa Ahmada ilijaa. Alikuwepo Frédéric wa Lubumbashi, mtu mwema kabisa ila ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona mfuko wa mwenzake asiulize bei. Na alikuwepo dada mmoja mgeni, Kuluthumu wa Temeke, safari yake ya kwanza, ametoka Zhanqian na mifuko miwili ya suruali za jinzi, miguu imemvimba. Bimdogo ndiye aliyemkaribisha meza yao.

Frédéric hakumwacha hata anywe maji. "Maman, hizi jinzi, combien? Walikupa bei gani?"

"Nzuri tu, kaka."

"Nzuri ni ngapi? Na laoban wako ni nani, ghorofa gani?"

Kuluthumu alivua kiatu chini ya meza, akasema bila ya kumtazama, "Kaka, mlango umekwenda kuoga. Ngoja nje."

Ahmada aliangua kicheko kule jikoni. Frédéric naye alicheka, hakuwa mtu wa kinyongo. Bimdogo alikuwa ameshika birika. Alilirudisha mezani pole pole.

"Mdogo wangu," alisema, "hilo neno umelitoa wapi?"

"Lipi? La mlango?" Kuluthumu alishangaa. "Dada, si msemo tu? Dar nzima wanausema. Mtu akikuchimba, akitaka kujua una mchumba, una mimba, umepata kazi, unampa huo. Mpaka kanga zake zipo, zilianzia harusi moja huko Unguja, sasa Kariakoo wameziiga rangi zote. Lakini wenyewe ni msemo wa zamani sana. Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa akitwambia tulipokuwa wadogo tukimchungulia chumbani."

"Bibi yako," alisema Bimdogo.

"Wallahi vile. Ni maneno ya wahenga hayo."

Bimdogo alifungua kinywa. Alitaka kusema, wahenga gani, mwenyewe huyu hapa, ameketi karibu yako, na koti lake la kahawia. Maneno yalishafika ulimini. Lakini mkono wa mzee ulikuwa umemshika kifundo cha mkono, mkavu, mwepesi, na mzee alikuwa akitikisa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka wazi wazi, hakuyafuta. Bimdogo alifunga kinywa chake.

Mzee aliinama kumwelekea Kuluthumu, kwa heshima, kama mwanafunzi. "Binti," alisema, "bibi yako alikuwa akisemaje?"

Kuluthumu aliona ni mzungu mzee, amekwenda umri, na pengine macho yanamsumbua. Kwa hiyo alimtamkia taratibu, neno kwa neno, na sauti ameipandisha kidogo. "Mlango. Umekwenda. Kuoga. Ngojeni nje. Maana yake, mzee, mambo mengine si ya kuulizwa."

"Mlango umekwenda kuoga," alisema mzee, na sauti ilimkatika katikati. "Ngojeni nje."

"Umekaribia," alisema Kuluthumu kwa upole. "Usiyakimbilie. Rudia tena."

Mzee akarudia.

"Haya," alimwambia, akamsogezea sahani ya sambusa. "Sasa umeupata."